Soja haamki asubuhi bila kujivuta, na mama anataka kumpa paka Panadol

BARUA

Shikamoo dokta. Mimi ni mama lishe hapa Mwanga, Kigoma mjini, nafuatilia safu yako mda mrefu ila sijawahi kuandika maana naona wanaouliza wana ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai, mimi nina mbwa mmoja tu tena mzee, nikawa naona aibu. Leo nimeshindwa kuvumilia.

Mbwa wangu anaitwa Soja, ana miaka 11. Ni chotara, mama yake mbwa wa kawaida wa huku kwetu, baba yake ni wale wanaofanana na wa polisi, masikio yamesimama. Marehemu mume wangu ndo alimleta kutoka Kasulu akiwa kadogo, kamemlalia ndani ya shati njia nzima, kwahiyo dokta naomba unielewe ninavyoandika hivi kuhusu mbwa. Kwetu ni kilimani, nyumba iko juu, barabara iko chini, katikati kuna ngazi za mawe kama kumi na tano hivi. Zamani akisikia tu sauti yangu naagana na bodaboda kule chini ameshafika.

Miaka kama mitano iliyopita aligongwa na pikipiki mguu wa nyuma wa kulia. Hatukumpeleka popote, alichechemea kama miezi miwili alafu akapona mwenyewe, au tuseme tulidhani kapona. Mwaka jana kwenye masika ndo nikaanza kuona asubuhi akitaka kuinuka anajivuta kwa miguu ya mbele, nyuma inabaki, inatetemeka, akishatembea tembea dakika kumi anakuwa sawa kabisa mpaka unajiuliza kwani alikuwa na nini. Saivi hata huo usawa haupo. Ngazi anashuka upande upande, kupanda anafika katikati anasimama ananiangalia. Paja la mguu ule limekuwa jembamba kuliko la pili, usiku analamba goti mpaka manyoya yameisha. Na amenenepa sana, maana nikifunga mgahawa ugali uliobaki na vichwa vya migebuka na ukoko wa wali vyote ni vyake, namuonea huruma hatoki tena ndo maana nampa.

Wiki mbili zilizopita nikaenda duka la dawa za binadamu, nikasema ni za mtu anaumwa goti, nikapewa diklofenaki. Nikampa kimoja asubuhi kimoja jioni siku nne. Siku ya kwanza alishuka ngazi zote dokta, nililia. Siku ya nne akatapika, akagoma kula, choo kikawa cheusi kama lami. Nikaacha palepale. Saivi anakula kidogo kidogo lakini naogopa.

Lingine ni la mama yangu yuko Ujiji. Ana paka jike anaitwa Kibibi, ana miaka 13. Alikuwa analala juu ya kabati, siku hizi hata kiti harukii. Anajisaidia nyuma ya mlango na boksi lake la mchanga lipo palepale. Manyoya ya kiunoni yamegandana, ukimshika hapo anang'ata, na hajawahi kumng'ata mtu maisha yake yote. Majirani wanamwambia mama paka akizeeka anaingiwa na mambo, amtoe ndani. Mama hataki. Sasa amesikia habari ya Soja kushuka ngazi, anasema na yeye atampa Kibibi Panadol nusu kwa sababu magoti yake mwenyewe yakiuma Panadol inamtuliza. Nimemwambia asubiri unijibu.

La mwisho, shemeji yangu anasema mbwa akifika hapo anamalizwa tu, anamjua mtu wa kumuwekea sumu kwenye nyama. Nimekataa, ila usiku nawaza labda ni mimi ndo namtesa. Nisaidie dokta.

Mama lishe, Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma usiku na kabla sijafika mwisho nilikuandikia meseji ya mstari mmoja, mama asimpe paka Panadol hata robo, na nashukuru ulijibu kwamba hajampa. Naanza na hilo hapa pia kwa sababu najua kuna nyumba nyingine usiku huu mtu ameshika kidonge mkono mmoja na paka mkono wa pili.

Ini la binadamu lina njia ya kuivunja Panadol na kuitoa nje ya mwili. Kwa paka njia hiyo ni kama haipo, dawa inabaki inazunguka inageuka sumu, na sumu yenyewe inaharibu damu, damu inakuwepo lakini haibebi hewa. Ndani ya masaa machache fizi zinakuwa za kahawia au za bluu, uso na miguu vinavimba, paka anahema kama aliyetoka mbio. Kidonge kimoja cha mg 500 kinaua paka mkubwa mzima, na nusu aliyotaka mama siyo salama hata kidogo. Kama wewe unayesoma umeshampa wako, usikae kungoja dalili, mbebe saa hiyo hiyo umpeleke kwa daktari wa mifugo na umtajie umempa kiasi gani na saa ngapi. Kuna dawa ya kuipinga inaitwa asetilisisteini, inasaidia sana ikiwahi, ikichelewa haina la kufanya.

Sasa Soja. Choo cheusi kama lami ni damu, imetoka tumboni au kwenye utumbo wa juu na imemeng'enywa njiani ndo maana haionekani nyekundu. Diklofenaki imemchubua tumbo. Iko hivi, kile kitu mwilini kinacholeta uvimbe na maumivu kwenye goti kina ndugu yake anayelinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi na anayefanya damu ifike vizuri kwenye figo, na dawa za jamii hii, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zinawazima wote wawili bila kuchagua. Binadamu anastahimili kiasi. Mbwa anastahimili kidogo sana, na diklofenaki na ibuprofeni kwake siyo dawa za kujaribu kabisa. Ulivyoacha palepale ulifanya jambo la maana, huenda ndo maana bado yuko hai. Lakini mwanangu, uliposema dukani kwamba ni ya mtu ulimnyima yule muuzaji nafasi ya kukuuliza swali, na labda swali hilo ndo lingekuzuia. Siku nyingine sema tu ni ya mbwa, wakicheka wacheke.

Kabla ya kufikiria goti lake nataka wiki hii aonwe kwa ajili ya tumbo na figo. Inua mdomo wake uangalie fizi, zikiwa nyeupe amepoteza damu nyingi, usingoje kesho. Angalia anakunywa maji kiasi gani na anakojoa kiasi gani, akinywa kupita kawaida au akiacha kukojoa mwambie daktari. Atapewa dawa ya kutuliza asidi kama omeprazoli kwa kipimo cha kilo zake, na kama inawezekana apimwe damu kuona figo. Chakula kiwe laini na kidogo mara tatu nne kwa siku. Na dawa nyingine yoyote ya maumivu ya jamii ile isiingie mdomoni mwake mpaka ipite angalau wiki moja na choo kimerudi rangi yake. Sindano ya deksa usikubali kabisa wakati huu. Nasema hivyo kwa sababu deksamethasoni, dawa kali ya kuzima uvimbe, ndo sindano inayopatikana kirahisi huku kwetu, mbwa anachomwa leo kesho anakimbia na kila mtu anafurahi, lakini deksa au ndugu yake prednisoloni ikikutana na diklofenaki kwenye tumbo lililochubuka inaweza kulitoboa.

Haya, tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Watu wataita baridi yabisi, na jina siligombi, ila siyo baridi inayoleta. Ncha za mifupa kwenye kiungo zimevikwa gegedu, laini na telezi, na katikati kuna ute unaofanya kazi kama grisi. Soja alipogongwa nadhani kano ya ndani ya goti ilichanika au gegedu lenyewe lilipata ufa. Hakupona, alizoea. Kwa miaka mitano goti lile limekuwa likicheza cheza kila hatua, gegedu likasagika, mwili ukajaribu kulishikilia kwa kuota vijifupa pembeni, ute ukawa mwepesi, kiungo kikavimba. Ndo maana akiamka ni mgumu na akitembea kidogo analegea, hiyo ni alama ya ugonjwa huu kabisa. Paja limekonda kwa sababu hautumii mguu ule kama wa pili. Kulamba goti usiku ni kuuma. Kila ulichoandika, mwanangu, kinaelekea huko huko, na haukuandika kwa bahati mbaya, wewe umemuangalia mnyama wako vizuri.

Ila sitaki umtibu kwa barua tu. Nilifanya kazi Tabora miaka mingi, na kuna mbwa mmoja wa kata ya Cheyo nilimwona mwenyewe kwa macho yangu, mkubwa, anachechemea, nikasema ni viungo, nikampa dawa za viungo wiki mbili. Kumbe ilikuwa homa ya kupe, erlikia, ambayo nayo inavimbisha viungo. Alikufa akitokwa damu puani na mpaka leo namkumbuka yule mzee mwenye mbwa alivyonishukuru wakati sikustahili. Tangu hapo nauliza hivi kwa kila mbwa anayechechemea. Je, leo anachechemea mguu huu kesho ule? Ana homa, fizi nyeupe, matezi yamevimba, anatoka damu puani? Hapo damu ikaangaliwe kwenye hadubini, na homa ya kupe ina dawa yake, doksisaiklini, kwa wiki kadhaa, ikiwahi wengi wanapona. Kwa nyie mnaokaa karibu na mapori yenye mbung'o huko Uvinza au Urambo, mbwa akiwa na homa na jicho limeingia ukungu fikirieni ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao. Uvimbe mgumu kwenye mfupa wa mbwa mkubwa, hasa karibu na kifundo cha mguu wa mbele au karibu na goti, unaweza kuwa saratani. Na hili la mwisho silisemi kukutisha, mbwa ambaye miguu ya nyuma imeishiwa nguvu ndani ya siku mbili tatu tu, amebadilika tabia, anadondosha mate, sauti imegeuka, huyo usimguse mdomo kumtafuta fizi, huyo ni wa kudhaniwa kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vingine. Soja wako ameanza mwaka jana polepole, kwahiyo hayumo humo.

Sasa dawa kubwa kuliko zote na haiuzwi. Uzito. Najua hapa utaumia kwa sababu ule ugali na vichwa vya migebuka ndo namna yako ya kumwambia pole. Lakini kila kilo ya ziada inapanda ngazi pamoja naye juu ya goti lile bovu. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani walichukua watoto 48 wa mbwa aina ya Labrador, nusu yao maisha yao yote wakapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Wale waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo ulichelewa sana kuwapata. Na kwa wale ambao wameshaugua, imeonekana mbwa mnene akipunguza kama asilimia 6 tu ya uzito wake kuchechemea kunapungua unaona kwa macho. Asilimia 6 siyo mlima. Kama Soja ana kilo 34 hiyo ni kilo mbili.

Utampimaje? Mzani wa dagaa. Nenda Kibirizi mchana wakati shughuli zimepungua, wanayo mizani ya kuning'iniza magunia, mfunge kwenye shuka nzito chini ya tumbo watu wawili mmshike, dakika moja imeisha. Andika namba. Alafu jifunze kumpima kwa mkono, pitisha vidole ubavuni, mbavu unatakiwa uzihisi kirahisi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako. Ukibonyeza ndo uzipate, mnene. Kuanzia hapo chagua bakuli moja, ndo kipimo, na unapunguza mpaka awe anashuka kama nusu kilo kwa wiki kwa juu kabisa, akishuka haraka kuliko hapo unamdhoofisha misuli na misuli tunaihitaji. Ugali wa muhogo punguza sana, unajaza na kunenepesha lakini protini hauna. Weka mboga ya kuchemsha isiyo na kitunguu, boga, majani, afu samaki au dagaa. Kitunguu na mbwa havipatani, kinaharibu damu yake, kwahiyo mchuzi wa mgahawani ndo mwisho. Na waambie wasichana wanaokusaidia kazi, maana nina hakika nao wanamrushia.

Dagaa nimewataja kwa makusudi. Mafuta ya samaki yana omega 3, na kati ya vitu vyote vya kuongeza kwenye chakula cha mnyama mwenye viungo vibovu hicho ndo chenye ushahidi wa kueleweka kwamba kinapunguza uvimbe. Zile glukosamini watu wanazoagiza kwa bei kubwa, nimezitumia, sikatazi mwenye hela lakini ushahidi wake ni dhaifu, usikope kwa ajili yake. Dagaa wa ziwani uwaloweke, uwasuuze mchanga utoke vizuri, uwachemshe bila chumvi, kiganja kimoja kwa siku ndani ya kile kipimo, siyo juu yake. Mawese ya kupaka kwenye goti, najua mtakuwa mmeshapaka, hayafiki kwenye kiungo. Kinachosaidia pale ni mkono wako unaosugua, kwahiyo endelea kusugua paja polepole dakika tano na kitambaa cha maji ya vuguvugu, mawese yaache jikoni. Na yeyote atakayekuja na chuma cha moto kumchoma goti kama wanavyochoma ng'ombe wenye kuvimba miguu, mfungie mlango.

Baada ya tumbo kupona na figo kuonekana ziko salama ndo tunarudi kwenye dawa ya maumivu, maana dawa atahitaji, sisemi avumilie. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, meloksikamu na kaprofeni ndo zinazojulikana zaidi. Zikikosekana Kigoma daktari anaweza kuagiza Mwanza au Dar zikaja na basi. Meloksikamu kwa mbwa siku ya kwanza ni mg 0.2 kwa kilo, kuanzia siku ya pili mg 0.1 kwa kilo, mara moja kwa siku, baada ya chakula, na anywe maji ya kutosha. Nakupa hesabu siyo ili ujitibie, nataka uelewe kitu kimoja. Kwenye maduka ya dawa za mifugo kuna chupa ya meloksikamu ya sindano ya ng'ombe, nguvu yake mara nyingi ni mg 20 kwa ml 1. Kwa Soja wa kilo 34 ml 1 tu ni karibu dozi za siku sita. Kwa paka wa kilo tatu na nusu, ml hiyo hiyo moja ni zaidi ya dozi mia. Kwahiyo mtu akikwambia nakuvutia kidogo tu kwenye bomba, muulize kidogo ngapi, na kwa kilo ngapi. Asiyeweza kujibu asimguse. Na kwa vile tumbo la Soja limeshatoka damu mara moja, mwambie daktari historia hiyo kabla hajafungua kabati, anaweza kuamua aanze na dawa ya jamii nyingine kabisa kama gabapentini. Akiwa kwenye dawa yoyote, akitapika, akikataa chakula au choo kikigeuka rangi, unasimamisha dawa siku hiyo hiyo alafu ndo unapiga simu.

Utasikia pia habari za sindano mpya ya mara moja kwa mwezi. Ni kweli ipo, ya mbwa ni bedinvetimabu, ya paka ni frunevetimabu, Marekani waliruhusu ya paka 2022 na ya mbwa 2023, zinazuia ile protini inayopeleka ujumbe wa maumivu kutoka kwenye kiungo. Ni za bei, na mimi mwenyewe sijazitumia. Usilale na mawazo kwa ajili yake, mbwa wengi nimewaona wakirudi kutembea kwa kilo kupungua, mazoezi madogo na kidonge sahihi.

Mazoezi nayo siyo kumkimbiza. Tafuta njia tambarare, shida yenu Mwanga kila njia ni kilima lakini hata uwanja wa jirani unatosha, dakika kumi asubuhi kabla ya jua na kumi jioni, kwa kamba, mwendo wake yeye. Kila siku. Mbwa anayekaa wiki nzima alafu Jumapili anatembezwa saa nzima Jumatatu haamki. Na mnakaa na ziwa hapo! Maji yanambeba uzito, mguu unafanya kazi bila kusagika. Mpeleke mahali pa mchanga ambapo watu wanaoga kila siku, maji yamfike kifuani tu, atembee dakika tano kwa kuanzia, wewe simama nchi kavu na kamba ndefu maana kichocho kipo. Karibu na mdomo wa mto Luiche au penye majani usiende, mamba wako.

Zile ngazi kumi na tano zinaniumiza kuliko vyote. Je, ni lazima apande? Kama anaweza kulala chini karibu na geti ukamjengea banda lisilovuja basi mhamishe, na kama hatakubali kulala mbali na wewe, na kwa ulivyomsimulia sidhani kama atakubali, mfungie kanga chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma uwe unamuinua kidogo anapopanda. Asilale kwenye simenti tupu. Gunia lililojazwa maranda au kipande cha godoro kuukuu vinatosha, kwenye sakafu inayoteleza weka mikeka. Kucha zikatwe, mbwa asiyetembea kucha zinarefuka na kumpindisha vidole.

Kibibi sasa, na hapa namuomba mama asomewe polepole. Mama, shikamoo. Paka wako hajaingiwa na kitu. Anaumwa viungo na paka hachechemei kama mbwa, yeye anaacha. Anaacha kuruka, anaacha kujisafisha kwa sababu kugeuza kiuno kunauma, ndo maana manyoya yamegandana hapohapo kiunoni na siyo kichwani. Boksi la mchanga analiona, ila ukingo wake ni mrefu na kuinua mguu kuuvuka ni mateso, nyuma ya mlango hakuna ukingo. Na anang'ata kwa sababu unamshika panapouma. Madaktari wa Marekani waliwahi kuangalia picha za eksirei za paka 100 wenye miaka 12 na kuendelea, 90 walikuwa na dalili za viungo kuharibika. Tisini, mama. Kwahiyo Kibibi ni paka wa kawaida kabisa mwenye umri wake.

Kwake anza na nyumba. Chukua boksi lenye ukingo wa kama vidole vitatu, hata sinia kuu kuu, weka mchanga, na liwe pale pale nyuma ya mlango alipochagua. Kabati lake mrudishie, weka stuli alafu kiti alafu meza, awe anapanda kwa hatua fupi. Yale manyoya yakatwe kwa mkasi taratibu, msimvute. Chakula na maji viwe chini na karibu. Kama ni mnene apunguzwe lakini polepole sana, paka asiyekula kabisa siku mbili tatu ini lake linajaa mafuta na hilo linaua, kwahiyo yeye habanwi njaa kamwe. Dawa kwake ni kazi ya daktari peke yake, kwa sababu paka wa miaka 13 mara nyingi figo zimeshachoka na dozi zake ni za matone. Apimwe kwanza. Kule Marekani chupa ya meloksikamu ina onyo kali kwamba kurudia rudia dozi kwa paka kumeua figo na kuua paka, nchi nyingine wanaitumia kwa dozi ndogo sana chini ya uangalizi. Msiagizie kienyeji.

Shemeji yako. Mwambie nimesema hapana. Sumu kwenye nyama inaua kwa maumivu makubwa kuliko goti lolote, na inaendelea kuua paka na kuku wa jirani watakaogusa matapishi. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Na wewe unayejiuliza usiku kama unamtesa, nikuulize mimi. Anakula? Ukirudi jioni bado anainua kichwa, mkia unagonga chini? Kuna siku katika wiki analala bila kulamba goti? Weka daftari, kila siku andika siku nzuri au siku mbaya, neno moja tu. Siku mbaya zikizidi nzuri wiki baada ya wiki hata baada ya kumpunguza uzito na kumpa dawa sahihi, hapo utamuita daktari, atamlaza kwa sindano ya usingizi mzito, nyumbani, kichwa kikiwa mapajani kwako. Hiyo ndo njia yenye huruma, na kwa barua yako bado hatujafika huko. Huyu mbwa hajawahi kutibiwa, mwanangu. Tangu siku ile ya pikipiki hajawahi.

Fanya hivi, kesho alfajiri kabla hajainuka washa simu umrekodi video anavyoamka na anavyotembea hatua za kwanza, uende nayo kwa daktari, maana wakifika kwetu wanyama huwa wanajikaza na kutembea kama hawana kitu. Na mimi nitumie. Baada ya wiki sita rudi Kibirizi kwenye mzani ule ule, rekodi video nyingine kwenye ngazi zile zile, tuziweke pamoja tuangalie. Kibibi naye nataka kujua kama amelikubali sinia.